Ghorofa ya Saba

Aliyetaka kumchokoza Dalmas mwaka ule wa 1998 hakuwa na haja ya kumtukana. Ilitosha kumwambia kwamba michezo ya kompyuta ya siku hizi imeipita ile ya zamani. Hangekupigia kelele, maana hakuwa mtu wa kelele. Angevua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akakuvutia kiti, na hapo ndipo ungejuta kufungua mdomo, kwa sababu habari za Mnara, mchezo wa utoto wake, zilikuwa haziishi chini ya saa nzima.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwalimu wa kompyuta katika chuo kidogo mjini Kisumu, ghorofani juu ya duka la magodoro. Kompyuta zilikuwa sita, na nne kati yake zilifanya kazi siku ambayo stima haina wazimu. Wanafunzi wakimaliza somo walifungua michezo iliyoletwa kutoka Nairobi kwenye diski, michezo ya rangi zote, yenye mashujaa wenye pua na vivuli na moto unaowaka kama moto. Dalmas aliwatazama kwa huruma, kana kwamba anawaona watu wakila maganda na kutupa ndizi. Hizo ni rangi tu, aliwaambia. Mchezo wa kujigeuza mtu mwingine, ule unaochagua uwe askari au mganga au mwizi, ukapimiwa nguvu zako kwa tarakimu kisha ukatumwa duniani, ulikuwa umefika kileleni mwaka 1986. Na ulikifikia kilele hicho hapo hapo Kisumu, sokoni Kibuye, nyuma ya duka la kutengeneza redio.

Mtu pekee aliyemjibu alikuwa Gakenia, mwalimu wa kupiga chapa. Huyu alikuwa binti wa mzee Kangethe, mwenye duka lenyewe hilo la redio, kwa hiyo hakuwa wa kuhadithiwa. Gakenia alisema mchezo ule ulikuwa takataka. Alilisema hilo bila hasira yoyote, akichovya mkate kwenye chai. Mwalimu, alimwambia, wewe huutamani Mnara, unatamani utoto wako. Ukipewa leo ugali ulioungua wa mwaka ule utaapa kwamba hakujatokea mpishi mwingine. Dalmas akamuuliza, kama ni utoto tu, mbona hakumbuki kwa mapenzi hayo viatu vyake vya kwanza, wala shule yake, wala kitu kingine chochote cha mwaka ule? Gakenia akatabasamu akamaliza chai yake. Tabasamu lile lilikuwa na jambo, lakini Dalmas alikuwa hodari wa kusoma vioo vya kompyuta, si nyuso za watu.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mwalimu mmoja kutoka Ulaya alimpelekea Kangethe kompyuta ndogo aitengeneze, ile ya kuunganisha na televisheni na tepurekoda. Kabla haijatengenezwa, mwenyewe akarudi kwao moja kwa moja. Ikabaki mashine, na kaseti moja. Kangethe alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyekuja kutoka Murang'a kutafuta riziki, na michezo haikumhusu. Lakini Jumapili alasiri soko la Kibuye lilifurika, watoto wa mtaa wa Obunga wakajaa mlangoni kushikashika redio za watu, naye akaona afadhali awafungie chumba cha nyuma na hiyo kaseti. Alitoa sharti moja tu. Mchezo ulikuwa umejaa Kiingereza, kwa hiyo anayekijua akae mbele kwenye kreti ya soda, awasomee wenzake kwa lugha wanayoielewa. Akauliza ni nani anayekijua. Benta akainua mkono.

Benta alikuwa na miaka kumi na minne, yuko darasa la saba, binti wa baba mdogo wa Dalmas. Dalmas mwenyewe alikuwa na kumi na mmoja, na alikuwa amehamia kwao Obunga mwezi Machi baada ya mama yake kufariki. Basi ikawa Benta yuko juu ya kreti, Dalmas yuko sakafuni karibu na miguu yake akibonyeza vitufe, na wengine wanane au tisa wamekaa nyuma juu ya magunia. Benta alisoma, kisha akauliza: tunaingia kushoto au kulia, tunapigana au tunakimbia? Watoto wakapiga kura kwa mikono. Benta akahesabu, Dalmas akabonyeza. Hakuna aliyeruhusiwa kukisogelea kioo. Benta alisema mwanga wake unakula macho, na wote wakamwamini, hata Dalmas, ambaye miwani aliivaa baadaye kwa sababu nyingine kabisa. Mtoto wa Kangethe, kabinti ka miaka tisa kalikokuwa kakisoma shule ya kulipia, alikuwa akisimama mlangoni akitafuna njugu, hapigi kura, hasemi kitu.

Mnara ulikuwa na ghorofa saba. Kwenye ya pili kulikuwa na bibi muuza samaki ambaye hakumruhusu mtu kupita mpaka ajibu yeye ni mtoto wa nani, na babu yake ni nani, na wamezikwa wapi. Ukikosea unarudi chini. Kwenye ya nne alikuwepo mbwa mwenye mguu mbovu. Ukimgawia chakula anakufuata kimya, nawe unamsahau, mpaka siku unapozingirwa ndipo unasikia kuna mtu anabweka. Kwenye ya tano palikuwa na mto, na waliozama humo walitoa vichwa kuuliza habari za nyumbani: ng'ombe alizaa? yule mtoto alipona surua? Usipowajibu vizuri huvuki. Dalmas alipowasimulia wanafunzi wake mambo haya, wengine waliacha kula.

Ghorofa ya saba hakuwahi kumsimulia mtu.

Ili uielewe ghorofa ya saba lazima ujue ya chupa ya uji. Siku mama yake alipofariki hospitalini, Dalmas alikuwa ametumwa na mama yake Benta ampelekee mgonjwa uji kwenye chupa. Njiani alikuta vijana wakicheza mpira uwanjani, akasimama kidogo. Kidogo ikawa kipindi kizima. Alipofika wodini kitanda kilikuwa kimekwisha kutandikwa upya, na muuguzi akamshika bega. Alirudi na chupa yake kwa kina Benta, na hakumwambia mtu juu ya mpira. Mazishini, kijijini kwao Asembo, watu walisema mtoto huyu ni mwanamume kweli, hakutoa chozi. Walidhani wanamsifu.

Desemba ile, Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, watoto walifika juu. Benta alikikazia kioo macho. Kisha akasoma kwa sauti yale ambayo Dalmas aliyabeba moyoni kwa miaka kumi na miwili: "Dalmas, umekawia lakini umefika. Mama yako hana kinyongo na wewe." Watoto wengine wakashangilia kwa kuwa mchezo umekwisha. Dalmas akatoka nje, akakaa nyuma ya jaa la betri kuukuu, akaweza kupumua.

Alipokuwa mkubwa na kusomea kompyuta alijua vizuri kwamba mashine haimjui mtu. Akajipatia maelezo. Mchezo ule mwanzoni ulikuwa unakuuliza jina, nao walikuwa wameandika lake, kwa hiyo jina si muujiza. Na hayo ya mama, bila shaka mtunzi fulani huko Ulaya alikuwa na mama yake na kuchelewa kwake. Maneno yalikuwa ya kila mtu, yakampata yeye. Hilo lilimtosha. Ndiyo maana aliyesema Mnara ulikuwa mchezo mbovu alikuwa akigusa jambo asilolijua.

Sasa chuo kikapanga siku ya wageni. Bildad, mkuu wa chuo, alitaka kuwe na meza ya mashine za kale, na Dalmas akajitolea kuuonyesha Mnara wenyewe. Gakenia alisema mashine bado ipo stoo kwa baba yake, na akaongeza: "Lakini ucheze mwenyewe kwanza, Mwalimu. Peke yako. Usome mwenyewe mpaka juu." Dalmas akasema hiyo ni kazi ya furaha.

Mzee Kangethe, ambaye sasa mikono ilimtetemeka kila mahali isipokuwa juu ya waya, aliifufua mashine kwa siku mbili. Alisafisha kichwa cha tepurekoda kwa spiriti, akaweka kaseti, na baada ya milio na mikwaruzo ya karibu robo saa, Mnara ukaamka. Dalmas akavuta kreti. Akachagua mwizi, kama zamani. Akaandika jina lake.

Kioo kikamwambia kwamba yuko kwenye ushoroba. Kuna mlango. Akaufungua. Kuna panya. Akampiga panya. Ushoroba. Mlango. Panya wawili.

Alidhani ni mwanzo tu. Ghorofa ya pili hapakuwa na bibi yeyote. Palikuwa na panya, na ufunguo. Alizunguka kila chumba, akagonga kila ukuta, akachora ramani kwenye daftari. Ya nne hapakuwa na mbwa. Ya tano palikuwa na maji kweli, neno moja tu, maji, na ukiingia unapungukiwa nguvu tano. Alisimama hapo mara kumi na moja akisubiri mtu atoe kichwa. Kiingereza chenyewe kilikuwa cha kujitutumua, cha kale cha kubandika, na kilijirudia neno kwa neno. Gakenia alimletea chai mara mbili, akaiweka, akaondoka bila utani. Jumapili jioni aliua mifupa inayotembea na kupanda ghorofa ya saba. Kioo kikaandika: umeipata dhahabu, alama zako ni mia mbili na hamsini, bonyeza kitufe uanze upya.

Dalmas alikaa akikitazama kile kioo. Hakubonyeza kitu. Alijiona kama mtu aliyepewa habari ya msiba wa pili wa mtu yule yule.

Kisha akajipa moyo, maana binadamu hakubali kushindwa mara moja. Kaseti ina pande mbili! Labda Mnara wa kweli uko upande wa pili. Aliigeuza kwa mikono yenye jasho, akabonyeza, na chumba kikajaa kwaya ya kanisa la mzee Kangethe ikiimba kwa Kikuyu. Mzee mwenyewe akachungulia mlangoni akiwa amefurahi sana. Alikuwa ameutafuta wimbo ule tangu mwaka 1989. Dalmas akamwachia ausikilize mpaka mwisho. Ikabaki njia moja tu: huenda kulikuwa na kaseti nyingine, na aliyezishika zote alikuwa Benta.

Benta hakuendelea na shule baada ya darasa la nane. Karo iliyopatikana ilitosha mtoto mmoja, na mtoto huyo alikuwa mvulana, yaani Dalmas. Aliolewa Asembo Bay, akazaa watatu, na sasa alikuwa mchuuzi wa omena, dagaa wa ziwani. Dalmas alimtembelea kila Krismasi, akapeleka sukari, na hawakuwahi kuzungumza juu ya Mnara. Yeye aliona haya kwa sababu yake mwenyewe. Hakujua kwamba Benta naye alikuwa na ya kwake.

Jumamosi iliyofuata alimkuta ufuoni, akianika omena juu ya nyavu kuukuu. Alimwamkia, akamuuliza habari za watoto, akaulizwa habari za mjini, na mambo yakaenda kwa utaratibu wake. Kisha akatoa karatasi mfukoni. Alikuwa ameyanakili maneno yote ya mchezo, akamsomea kwa tafsiri, ghorofa baada ya ghorofa, bila kumruka panya hata mmoja. Benta alisikiliza akiwa ameshika kiuno.

"Hivyo tu?" akauliza.

"Hivyo tu."

Benta alicheka mpaka akakaa mchangani. Alicheka na kupangusa macho kwa ncha ya leso, wanawake wa nyavu za jirani wakageuka kutazama. Kwa miaka yote hiyo, akasema, alikuwa akijiuliza wale wazungu walikuwa wameandika nini mle.

Akamweleza yote. Kiingereza alichokuwa nacho darasa la saba kilimtosha kusoma mlango, ufunguo, panya, na umekufa. Mengine yalikuwa milima. Aliinua mkono siku ile kwa sababu msichana wa umri wake hakuruhusiwa kukaa bure Jumapili alasiri; angetumwa maji, kuni, mtoto wa jirani. Kreti ilikuwa kazi, na mwenye kazi hasumbuliwi. Alidhani atagunduliwa kabla ya saa moja kwisha. Hakugunduliwa, basi ikambidi Jumapili iliyofuata awe na la kusema. Alikuwa akiyatunga wiki nzima akiosha vyombo. Bibi muuza samaki alikuwa nyanya yao wa hapa hapa Asembo, ambaye hakumpa mtu maji ya kunywa kabla hajamtaja babu yake. Mbwa alikuwa wa jirani kule Obunga. Wale wa mtoni, akasema, wewe umekulia ziwani, unajua walikotoka. Na lile la mwanga kula macho lilikuwa la kuwazuia wasisogee wakasoma.

Dalmas alicheka naye, ila kicheko chake kilikuwa cha kukopa. Alikuwa ameikunja ile karatasi, ikazidi kuwa ndogo. Alitaka kuuliza na aliogopa jibu, kwa sababu kama lile nalo lilikuwa la kuchangamsha watoto tu, basi miaka kumi na miwili alikuwa amesamehewa na mtu ambaye hakujua anamsamehe nini.

"Na ile ya saba?" akasema mwishowe.

Benta akaacha kucheka. Akaokota samaki mmoja mchangani, akamrudisha kwenye wavu.

"Ile chupa ya uji niliiosha mimi," akasema. "Ilirudi imejaa. Mama yangu aliponiuliza nikamwambia marehemu alikunywa kidogo. Miezi tisa hukulia, owadwa, ndugu yetu. Ningekuambia mimi usingeniamini, mimi nilikuwa Benta tu. Lakini ile mashine ungeiamini."

Dalmas akalia. Alilia hadharani, mchana, mtu mzima wa miwani na viatu vya kufunga kamba, mbele ya wanawake wa omena wote wa Asembo Bay. Hakuona aibu. Aliona uchungu, na chini ya uchungu akaona furaha ambayo hakuwa na jina lake. Benta hakumbembeleza. Aliendelea kugeuza samaki wake, akamwachia nafasi, na alipoona yametosha akamletea maji ya kunawa.

Wakati wa kuagana alimfungia omena, kisha akaingia ndani tena, akatoka na pakiti ndogo ya njugu za kukaanga, imefungwa kwa karatasi ya gazeti kama alivyokuwa akifunga mama yake alipouza njugu pale Kibuye.

"Yule mtoto wa Kangethe bado yuko?"

Dalmas akasema yuko, wanafundisha chuo kimoja.

"Mpelekee hizi. Mwambie sasa anaweza kusema."

Dalmas hakuelewa, na Benta hakumfafanulia.

Jumatatu saa nne, wakati wa chai, aliiweka pakiti juu ya meza ya Gakenia, kando ya mashine ya kupiga chapa, akatoa ujumbe kama alivyopewa. Gakenia aliitambua karatasi ile ya gazeti. Akaifungua taratibu, akatia njugu moja mdomoni.

Ndipo akasema. Yeye alikuwa akisoma Kiingereza vizuri akiwa na miaka tisa, na pale mlangoni alikuwa akikiona kioo chote kupitia juu ya kichwa cha Benta. Jumapili ya kwanza tu aliona kwamba kinachosomwa sicho kilichoandikwa, akafungua mdomo aseme. Benta akageuka akamwona. Baada ya mchezo akamfuata nyuma ya duka na pakiti ya njugu, na kila Jumapili ikawa hivyo, njugu mdomoni, na mdomo umefungwa. Alikuwa ameahidi. Baadaye njugu zilikoma lakini hakuna aliyemwambia kwamba ahadi nayo imekoma. Alichoweza ni kumwambia Dalmas kwamba mchezo ulikuwa mbovu, na hilo lilikuwa kweli. Kati yao wote ni yeye peke yake aliyeuona.

Dalmas akakubali ulikuwa mbovu. Panya watupu.

"Na juu kabisa?" akamuuliza. "Siku ile ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Kioo kilisema dhahabu. Dada yako akalitaja jina lako." Gakenia alisukuma pakiti katikati ya meza ili wote wawili wale. "Nikasahau kutafuna, Mwalimu. Na siku ile si njugu wala ahadi iliyonifunga mdomo."

Siku ya wageni mashine ya kale haikuonyeshwa. Bildad alipouliza sababu, Dalmas alimwambia kwamba ameicheza na ameona haifai, na kwamba msomaji wake yuko Asembo Bay, ana omena za kuanika.